Mkaa Nilioutia Nyongeza

Juzi mvua ya kwanza ilinikuta sokoni Majengo, kwa mama mmoja anayeuza mkaa. Hakuwahi kufunika magunia yake. Matone yakaupiga mkaa, ile harufu ikapanda, harufu ya moto wa zamani na vumbi lililolowa, na mwenzenu nikaganda pale pale huku mvua inanipiga kichwani. Mama wa watu akaniuliza kama nanunua au nasali. Ningemwambia nini? Kwamba harufu hiyo imenirudisha kwenye kilima kimoja, kwenye siku niliyotaka kumfanya bibi yangu mshindi nikakaribia kumfanya mwongo mbele ya kijiji kizima? Angeniona nimechanganyikiwa. Nikanunua debe moja ambalo wala sikulihitaji, maana nyumbani napikia gesi, nikarudi zangu nikicheka peke yangu njiani.

Tunaolingana umri mtaikumbuka miaka ile. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza ghafla kujaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa chini kila kona, na huku nako watu wakawa wanapunguzwa kazi serikalini. Baba yangu alikuwa karani, na sisi tulikaa mjini, mtaa wa Kikuyu, kwenye nyumba yenye bomba uani. Siku moja akarudi saa nne asubuhi amebeba kikombe chake cha chai cha ofisini. Mama alipokiona kile kikombe akaanza kuhesabu akiba ya unga. Haukupita mwezi, baba alikuwa Kibaigwa anafanya udalali wa mahindi, na mimi na mama tulikuwa kijijini kwa Bibi, mama yake baba, mwendo wa nusu siku kwa basi. Nadhani nilikuwa na miaka tisa. Nililia siku mbili kwa ajili ya bomba. Siku ya tatu nikagundua kwamba kijijini hakuna anayemtafuta mtoto mpaka njaa imrudishe mwenyewe, nikanyamaza.

Mama akaanza kuuza mkaa kando ya barabara kuu. Alikuwa na sheria moja tu katika biashara yake, nayo ilikuwa nyongeza. Debe likishajaa hadi ukingoni, bado halijajaa. Unaweka vipande vingine juu, mpaka kimoja kianguke chenyewe. Hata mtoto aliyetumwa akiwa na kopo alipewa ya kwake. Mama alisema kipimo kisicho na nyongeza ni kumtukana mtu mchana kweupe, na kwamba mteja aliyetukanwa hivyo hasemi neno, ila kesho utamwona anapita upande wa pili wa barabara. Na nyongeza isiwe chenga za chini ya gunia. Iwe mkaa uleule, wa ukubwa uleule, mtu asione tofauti. Kazi hiyo ya kutia nyongeza ilikuwa yangu, na niliiweza, sisemi kwa kujisifu. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na roho yangu kunjufu.

Sasa niwaeleze kuhusu Bibi. Alikuwa mwembamba, mkali, anavuta ugoro, na hakujaliwa sauti ya chini. Akikusalimia jirani wa tatu anaitikia. Nyuma ya nyumba yake ya tembe, ile ya paa bapa la udongo, kulikuwa na kilima kidogo cha mawe, na kwenye ubavu wake kumetapakaa mabonge mazito meusi yenye vitundu, kama uji wa uwele uliochemka ukagandia chunguni. Watu huyaita mavi ya chuma, na sisi watoto hatukuchoka kucheka jina hilo. Bibi hakucheka. Alisema hayo ni makapi yaliyobaki wazee wake walipokuwa wakiyeyusha mawe kupata chuma cha majembe. Ukoo wake ulikuwa wa wahunzi, na kilima kilikuwa karakana yao. Aliwataja kwa majina, baba na baba wa baba, majina saba bila kuvuta pumzi.

Shuleni Mwalimu Elia alitufundisha vingine. Alikuwa mtu mzuri, anapiga pasi suruali yake kila siku wakati wengine hata pasi hawana, lakini kwenye historia hakutaka mchezo. Kwake historia ni kilichoandikwa. Akasema mabonge yale yaliachwa na Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kwa sababu nani mwingine huku bara angekuwa na tanuri la chuma? Na imeandikwa wapi? Nilimpelekea Bibi habari hiyo mbio mbio, kwa kiherehere changu, na Bibi alikoroga mlenda kwa hasira mpaka ukamwagika.

Ingekuwa ugomvi wa maneno tu kama asingetokea tajiri mmoja wa mjini. Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa, kila mtu anatafuta cha kuuza, na yeye alitaka kile kilima akipasue awe anauza kokoto. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Bibi akasimama, akasema kilima kina wenyewe, akayataja majina yake saba. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kama ana ushahidi. Bibi akasema ushahidi ni yeye. Hapo mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, na mwishowe Mwalimu Elia akasimama akaeleza kuhusu Wajerumani, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Nilimtazama Bibi. Alikaa chini taratibu, akaifunga khanga yake vizuri, na mwezi ule wote hakwenda tena kuimba kanisani wala kukaa na wenzake kisimani. Nyumba ikawa kimya. Wallahi hamjui ukimya kama hamjawahi kuishi na mtu mwenye kelele akaacha kupiga kelele.

Ndipo akaja Dokta Zuhura. Mwenyekiti, ambaye naye hakupenda kuamua, alikuwa amepeleka barua wilayani, wilaya ikapeleka mbele, na mbele huko wakamtuma mtafiti kutoka chuo kikuu. Alishuka kwenye Landrova amevaa suruali na kofia ya majani, ana mwanafunzi wake anayeitwa Festo, na masanduku. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa Bibi, akachuchumaa, akamwamkia shikamoo, akamwomba amwonyeshe aanzie wapi. Hakuomba ruhusa tu, aliomba aonyeshwe. Bibi akafunga kikopo chake cha ugoro. Kisha akanyanyuka, akachukua kigoda chake, akatangulia kilimani, na tangu siku hiyo sauti yake ikarudi na nyongeza juu.

Alikaa pembeni ya lile shimo kutwa nzima anagombana. Hapo mnachimba jaa la majivu, sogeeni. Hapo ni jiwe tu, mnajichosha. Festo alinuna, lakini Dokta akasogea, na walipofika kina cha goti udongo ukabadilika rangi. Ukawa mwekundu ulioungua, umezunguka duara kama mdomo wa mtungi mkubwa. Kando yake yakatokea mabomba mafupi ya udongo, yale ya kupitishia upepo wa mivukuto, na chini kabisa, kati ya mabonge, mkaa. Dokta Zuhura alipiga magoti, akavua kofia. Sisi watoto hatukuelewa lakini tulishangilia hadi koo zikakauka, maana hatujawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha kiasi kile kwa ajili ya mkaa. Nilitaka kumwambia kuwa mama yangu anao magunia kumi.

Nilimuuliza mkaa wa nini. Akanikalisha kwenye ukingo wa shimo akanieleza, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyenieleza vizuri zaidi. Akasema hewani mna kitu kinaitwa kaboni, na miti inakula hiyo. Kaboni nyingi ni ya kawaida, imetulia. Lakini iko kidogo sana ya aina ya pekee, isiyotulia, inayotoa mionzi na kupungua yenyewe polepole. Mti ukiwa hai unakula zote mbili kila siku, kwa hiyo haupungukiwi. Siku shoka linapouangusha, unaacha kula. Ile iliyotulia inabaki. Ile isiyotulia inaendelea kupungua kwa mwendo uleule, haichoki wala haikimbii, na hupita zaidi ya miaka elfu tano ndipo ifike nusu. Ukipima imebaki kiasi gani, unajua shoka lilianguka lini.

Kisha akasema jambo ambalo wakati ule nililisikia kwa sikio moja tu. Akasema kabla ya watu kugundua kipimo hicho, wasomi walikuwa wanakisia. Waliokuwa na vitabu walikuwa na tarehe, na wasiokuwa na vitabu walikuwa na "hapo zamani" tu, na ni rahisi sana kumwambia mtu wa "hapo zamani" kwamba hajawahi kufanya kitu. Mkaa ulibadilisha mambo yote hayo. Kila aliyewahi kuwasha moto, popote duniani, alikuwa ameacha tarehe yake jikoni bila kujua.

Mimi nilichotoka nacho ni hiki: mkaa unapimwa, na kwenye kipimo unatoka na miaka. Na mimi vipimo vya mkaa nilivijua. Mkaa mwingi, miaka mingi. Mbona rahisi?

Sasa ule mkaa wa shimoni ulikuwa na unyevu, ukahitaji kukauka kivulini. Hema lao kwenye uwanja wa shule lilikuwa na upepo na mbuzi, hivyo Bibi akaamuru vitu vya wageni vikae kwake. Dokta akautandaza juu ya karatasi ya fedha, ile ya kung'aa, ndani ya ghala la tembe kati ya vihenge vya uwele. Akatuambia tusiuguse. Nilimsikia pia akimwambia Festo kwamba anaogopa, ni mchache, maabara wanaweza kuukataa. Maneno hayo yalinichoma. Bibi amechekwa na kijiji kizima, kilima kinangoja kupasuliwa, na yote yanategemea mkaa ambao haujazi hata kikombe cha kahawa. Wanaupeleka ng'ambo kwa watu wasiotujua, kipimo kitupu, bila hata nyongeza.

Mchana uliofuata watu wazima wote walikuwa kilimani. Nilirudi nyumbani kunywa maji. Nikasimama ghalani nikaviangalia vile vipande vidogo, nikavionea huruma. Nikaenda kwenye gunia la mama, nikachagua mkaa wa mgunga, ule mgumu unaolia ukigongwa, nikauvunja vipande vya ukubwa uleule, mtu asione tofauti. Nikavipanga katikati ya vile vya zamani. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa naimba. Jioni Dokta alipopima kwenye mizani yake ndogo alishangaa, akasema kumbe Festo ameongeza wa kwenye chekeche la kuchujia udongo, akafurahi, akafunga kifurushi. Nikajificha nyuma ya kihenge nikiuma kidole kwa raha. Nilijiona nimetenda jambo ambalo siku moja litaimbwa.

Kesho yake kabla ya kuondoka, Dokta aliomba kuzungumza na kijiji. Watu wakajaa kwenye uwanja wa shule. Tajiri naye alimtuma mtu wake, kijana mwenye miwani ya jua. Bibi alikaa mbele kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kucheka, amevaa khanga mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Dokta akakinyanyua kifurushi watu wakione. Akaeleza kuhusu kaboni kama alivyonieleza mimi. Mwenyekiti akasema vizuri, basi kijiji kitangoja. Kipimo kikisema ni cha wazee wa Bibi, kilima kinabaki. Kikisema ni cha reli, tajiri achukue.

Mtu mmoja akauliza kwa nini wametukataza watoto kugusa. Dokta akasema hilo ni swali zuri, kwa sababu adui wa kazi yake si mkaa mchache, ni mkaa mpya. "Chukua mkaa wa kale," akasema, "changanya na kipande kimoja cha mti uliokatwa mwaka jana. Huo wa mwaka jana bado umeshiba. Mashine itapima yote kwa pamoja, na itasema moto huu ni wa juzi."

Jamani. Nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu, nikaanza kuhesabu kwa vidole vile vipande vyangu: vitano. Si kwamba sikumsaidia Bibi. Nilikuwa nimempasulia kilima kwa mikono yangu mwenyewe. Karatasi ya majibu ingerudi kutoka ng'ambo na kusema: mwongo.

Nikawaza kunyamaza. Nisiwadanganye, niliwaza hivyo kweli kweli. Nani angejua? Lakini nikaiona ile khanga mpya na shingo ya Bibi imenyooka, na nikajua sitaweza kula ugali nyumba moja naye tena. Nikatambaa kati ya miguu ya watu mpaka mbele, nikamvuta khanga, nikamwambia sikioni. Nilimwambia yote, gunia, mgunga, vipande vitano. Hakunitazama. Alikaa akitazama mbele, na kwa kitambo hicho nilidhani naye anawaza kunyamaza. Kisha akasimama.

"Mkaa huo umeharibika," akasema, kwa sauti yake ileile ya kufika kwa jirani wa tatu. "Mjukuu wangu ametia wa jikoni kwangu. Utupeni. Sitaki kushinda kwa mkaa wa jikoni, wala sitaki kushindwa kwa mkaa wa jikoni."

Mnadhani watu waliguswa? Walicheka. Kijana wa miwani alicheka zaidi ya wote. Mwalimu Elia akasema kwa huzuni kwamba sasa tumeona historia ya mdomoni inavyotengenezwa. Mama yangu, kutoka nyuma, alinipa jicho lililoniambia kila kitu kuhusu jioni yangu. Mimi nilikuwa nalia makamasi. Bibi peke yake ndiye aliyebaki amesimama, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, mzito, haunipigi wala haunibembelezi.

Dokta Zuhura akaja akachuchumaa mbele yangu. Aliniuliza nilitia vingapi, vya mti gani, na kwa nini. Nikamweleza habari ya nyongeza. Akauma mdomo, sijui alikuwa akizuia kicheko au machozi, akaniambia asante kwa kusema kabla gari halijaondoka. Akatoa kalamu akachora msalaba mkubwa juu ya kifurushi. Kisha akabaki amechuchumaa vile vile, anatazama chini, na ghafla akainua kichwa akamwita Festo. Nilimwona anavyobadilika uso, akawa mtoto kama mimi.

Akawaambia watu hivi: aliyeyeyusha mawe yale, awe Mjerumani au nani, aliyatia tanurini pamoja na mkaa. Makapi yalipoyeyuka yakatiririka, na pengine yalimeza vipande vya mkaa kabla havijaisha kuungua, yakagandia humo navyo. Mkaa ulio ndani ya bonge haujaguswa na mkono wa mtu tangu moto ule uzimwe. Mjukuu wa mtu hawezi kutia nyongeza humo. Akamwomba Mwenyekiti achague mabonge mwenyewe, kutoka chini kabisa ya tanuri, na akamwomba Mwalimu Elia ayavunje.

Mkutano mzima ulipanda kilima. Wazee, wanawake na watoto migongoni, kijana wa miwani anajikwaa na viatu vyake vya mjini. Mwenyekiti akashuka shimoni akatoa mabonge matatu. Mwalimu Elia akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akashika nyundo. Bonge la kwanza likapasuka: vitundu vitupu. Watu wakaguna. La pili likakataa, akalipiga mpaka jasho likamtoka, likapasuka: vitundu vitupu. Nilikuwa nimeshika khanga ya Bibi kwa meno. Akalichukua la tatu, akaligeuza, akalipiga pigo moja tu, likafunguka vipande viwili sawa. Mwalimu akainama. Akainama zaidi. Akasema, polepole, "Upo."

Ulikuwa mdogo kuliko punje ya harage, mweusi, unang'aa, mishipa ya mti bado inaonekana. Tulisukumana kama tunagombea nyama. Bibi akapewa nafasi ya kwanza, akausogezea jicho mpaka kope zikakaribia kuugusa. Mimi nikasikitika kwa sauti kwamba ni mdogo mno. Dokta akacheka, akanijibu akiwa anaung'oa kwa kibano. Zamani ungekuwa mdogo kweli, maana ilibidi kungoja ile kaboni itoe mionzi yake, na kwa hilo unahitaji mkaa wa kujaza kiganja. Sasa iko mashine mpya huko ng'ambo, ni ghali, ndiyo maana haikupangwa tangu mwanzo, lakini haingoji. Inazihesabu chembe zenyewe, moja moja. Hiyo inatosheka na kiasi cha punje ya uwele, na hapa tuna punje kadhaa. Akaufunga, na Mwalimu Elia akaandika jina lake juu ya kifurushi kama shahidi.

Nilichapwa jioni ile, fimbo tatu za mama, na nilizistahili. Bibi hakunitetea, ila chakula kilipoiva alinimegea nyama yake.

Tulingoja. Uwele ukapandwa, ukalindwa ndege, ukavunwa, mabua yakalishwa ng'ombe. Kila basi lililosimama barabarani niliamini limebeba barua, na kila mara lilikuwa limebeba watu tu. Barua ilipofika hatimaye ilikuwa kwa anuani ya shule. Mwenyekiti akaitisha mkutano, na Mwalimu Elia akapewa aisome yeye. Akaisoma kimya kwanza. Tukamwona akirudia mstari mmoja kwa kidole. Kisha akausoma kwa sauti, wazi, bila kuupunguza. Mkaa ule ulikuwa mti uliokatwa karne nyingi kabla ya reli, kabla ya Wajerumani kuwa na nchi inayoitwa hivyo. "Nilifundisha makosa," akasema, na sijamsikia mwalimu mwingine akisema maneno hayo hadharani.

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akampiga Bibi begani, mimi niliruka mpaka kandambili ikakatika. Mwenyekiti akanyanyua mkono. Akamgeukia Bibi akasema basi mama, liandikwe kwamba kilima ni cha wazee wako wahunzi, sema ndiyo tumalize.

Bibi hakusema ndiyo. Alimuuliza Mwalimu miaka hiyo ni mingapi hasa. Mwalimu akamtajia. Bibi akaanza kuhesabu majina yake kwa vidole, saba, na Mwalimu akachora mistari mavumbini, kila jina miaka thelathini, kisha akampa kila mmoja arobaini, kwa heshima. Hayakufika hata nusu ya njia. Bibi akaifuata ile mistari kwa kidole mpaka ilipoishia. Nilitamani kumziba mdomo, maana nilimjua.

"Majina yangu hayafiki huko," akasema. "Wangu walifika wakakuta moto umeshazimika. Wale ni watu wengine."

Kijana wa tajiri akadaka hapo hapo, akasema basi kilima hakina mwenyewe. Aliyemjibu hakuwa Bibi. Alikuwa Mwalimu Elia, bado amechuchumaa kwenye mistari yake. Alisema kina wenyewe, ila sisi ndio hatuwajui. Na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema tajiri atafutiwe kilima kingine, ng'ambo ya korongo, kile kina mawe tu. Mkutano ukaisha hivyo, watu wakatawanyika wakiongea wote kwa pamoja, kila mmoja akimuuliza mwenzake walikuwa akina nani.

Nilidhani Bibi atahuzunika. Amepoteza wazee wake wahunzi mbele ya kijiji, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini alikuwa anatembea mbio hata nikashindwa kumfuata, khanga inapepea, anajisemesha. Walitokea wapi? Walisema lugha gani? Walikwenda wapi, au ndio sisi, tumesahau? Tulipofika nyumbani hata hakukaa. Akaniambia nilete daftari na kalamu, niandike barua kwa Dokta Zuhura, arudi, achimbe chini zaidi, achimbe na upande wa pili, yeye atamwonyesha. Nikaandika. Nikauliza niweke salamu gani mwishoni.

"Mwambie asichelewe," akasema. "Mwambie mimi si mkaa."

Nikaandika hivyo hivyo, nikakimbia nayo barabarani kuwahi basi la saa kumi.